Kichaa Kilichopanda Kutoka Ziwani

Litembo

Baba Violet,

Sisi wazima. Kahawa imeiva, na mama yako anakuulizia.

Mbwa wako Askari amekufa. Alirudi peke yake akitoka udenda, akaning'ata mkono nilipomwekea ugali. Nimeanza kuchomwa sindano, usihangaike. Nilimtuma mdogo wangu Urbani akuite Kitura, huko unakosema unalima mahindi. Akakuta shamba limejaa magugu, na majirani hawajakuona.

Bwana mifugo alichukua kichwa cha Askari kwenda kupima. Jana majibu yamekuja: ni kichaa cha mbwa. Akanieleza kwamba virusi vyake hubadilika kidogo kidogo vikipita mbwa hadi mbwa, mpaka kila upande unakuwa na ukoo wake. Vya Askari si vya huku milimani, wala si vya Kitura.

"Mama, huyu aling'atwa na mbwa wa Tingi, huko chini ziwani," alisema.

Nikacheka. Askari hakuwa na safari zake; alikuwa anafuata visigino vyako tu. Na wale samaki wa ziwani, mbasa, uliodai kuwanunua sokoni Mbinga, sasa nimejua walikotoka.

Ndiyo maana barua hii naituma Tingi. Huyo mwanamke simjui jina, wala sijui kama ugali wake ni mlaini kuliko wangu.

Nenda kachomwe sindano leo. Na yeye mpeleke. Askari alizoea kulamba kila mkono uliomlisha.

Mkeo wa kanisani,
Bonifasia