Mkono wa Mwalimu Kassian

Jumatatu, 10 Machi 2025

Imekuwa rasmi. Bodi imekaa, na kuanzia leo mimi Rosemery ndiye mkurugenzi wa sanaa wa kundi letu la bale. Mama Elineema, mwenyekiti wa bodi, alisimama mbele ya wachezaji akasema maneno mazuri. Wakapiga makofi. Halafu wote wakageuka kumtazama Mwalimu Kassian.

Alikuwa kwenye kona yake, kwenye kiti cha magurudumu. Tangu apate kiharusi mwaka jana hasemi, na upande wa kulia umepooza. Kilichobaki ni mkono wa kushoto. Akauinua kidogo, akaushusha. Ndipo wakatulia.

Yeye ndiye aliyelianzisha kundi hili, ndani ya ghala hili la zamani la mpunga, huku watu wa Ifakara wakimcheka — mwanamume mzima anafundisha watoto wa wakulima kusimama kwa ncha za vidole vya miguu! Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Sitaki kulia. Nina kazi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu asubuhi. Bati linapiga kelele mpaka spika haisikiki.

Tumeanza ile dansi ya mafuriko, ambayo tutakwenda nayo kwenye tamasha Dar baada ya Pasaka. Ni ya Mwalimu. Mwisho wake wote wanalala chini, mto umewachukua. Mimi naitunga upya, na mwisho nataka mmoja abaki amesimama. Nimemchagua Happyness. Ni mgeni kuliko wote, shingo ndefu, hana woga.

Nilipokuwa namwelekeza, mkono wa Mwalimu ukaanza. Unapiga paja, polepole. Mapigo ya zamani, siyo yangu. Wachezaji wakaanza kuchelewa. Nikapaza sauti: nitazameni mimi! Wakanitazama, ndiyo. Miguu yao ikaendelea kumsikiliza yeye.

Jumanne, 18 Machi

Nimefanya.

Nilimfuata Mama Yosefina, mke wake, ambaye humleta kila alasiri kwa bajaji. "Shikamoo Mama." "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba Mwalimu apumzike nyumbani kwa muda, mpaka tutakaporudi kutoka Dar.

Akamfuta Mwalimu mate kwa upande wa kitenge.

"Daktari ndiye amesema?"

"Hapana, Mama."

"Basi ni wewe."

"Ni mimi."

Akageuza kiti, wakaenda. Mwalimu hakunitazama.

Jumamosi, 22 Machi

Siku za kwanza bila yeye. Wanacheza vizuri, lakini wakimaliza kuruka macho yote yanakwenda kwenye ile kona. Nimeifagia, nikaweka spika pale. Sasa wanaitazama spika.

Alhamisi, 27 Machi

Kuna kitu kimetokea.

Sehemu ya mwisho: Happyness anasimama, wenzake wanatambaa kumwacha. Ndivyo nilivyowafundisha. Leo hawakumwacha. Walimpa migongo, wakamwegemea polepole, mmoja baada ya mwingine, kwa uzito wote — mpaka hujui wanamshikilia asizame au ndio wanaomzamisha.

Nikazima muziki. Nani amebadilisha?

Happyness akawa anaangalia kucha zake. Ngusa, mchezaji wangu mkubwa, akasema, "Imetokea tu, Dada Rose."

Imetokea tu! Bale haitokei tu. Nikawarudisha kwenye yangu. Wakaicheza bila kosa hata moja, na ilikuwa kama kuangalia watu wanaopanga magunia.

Jumanne, 1 Aprili

Tena. Safari hii ni mwanzoni, pale wanapoanguka. Kuna kuchelewa kidogo kabla ya kuanguka, kama mtu aliyesikia anaitwa. Nakujua kuchelewa kule. Nimekulia ndani yake.

Nimeanza kukohoa kabla ya kuingia ghalani, kama mtu anayebisha hodi. Leo nimejikuta nazunguka mbali ili nisiikanyage ile kona. Mtu mzima na akili zangu! Mwalimu hajafa. Yuko nyumbani kwake Katindiuka, ananyweshwa uji. Mtu aliye hai hawezi kuwa mzimu.

Au anaweza?

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemfuata Ngusa.

Aliaga kwamba anakwenda kuwaona baba zake wadogo, wenye ng'ombe. Bodaboda yake ikakata kuelekea Katindiuka. Nikamwambia dereva wangu aende taratibu.

Nilisimama kwenye uzio wa matete wa Mwalimu. Ngusa alikuwa uani, miguu mitupu kwenye tope, anacheza. Dansi yangu! Ile ile niliyoifundisha alasiri hii, haijapoa hata kidogo. Mwalimu amekaa barazani, na mkono uko kazini. Unavuta. Unasukuma. Unakataa. Ngusa anarudia. Unakataa tena. Ngusa anajaribu kuchelewa kidogo tu — na vidole vikafunguka.

Mama Yosefina akaniona. "Rose, ingia. Unasimama nje kama mgeni kwa nini?"

Mkono ukaanguka mapajani. Ngusa akabaki na mguu mmoja hewani. Nikaondoka bila kuaga. Njia nzima najiuliza kama hii ni hasira.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilimsubiri Ngusa ghalani kabla ya wengine. Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza. Ngusa aliyekuja bonde hili akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Unanisaliti kila siku," nikamwambia.

"Mwalimu alikuwa hali chakula, Dada. Tangu umkataze kuja. Mama Yosefina alinipigia simu analia. Nikaenda, nikamchezea kidogo, akala. Kesho yake nikaenda tena. Ningefanyaje?"

"Na mnairudisha dansi yake kwa mlango wa nyuma."

"Hapana! Hiyo ya kwake hataki hata kuiona. Nilimchezea, akafumba macho. Anataka yako."

Nilikaa chini, kwenye sakafu. Anataka yako. Kwa hiyo ile migongo ilikuwa yangu. Ilikuwa yangu ikinyooshwa na mtu anayejua. Na ni nzuri kuliko nilivyoweza, hilo ndilo linalouma! Kwa muda nilimchukia mzee yule kwa moyo wote. Halafu nikataka kukimbia mpaka Katindiuka nikamwonyeshe yaliyobaki.

Nikamwambia Ngusa: keshokutwa mlete. Mwambie Mama ni mimi ninayeomba.

Jumatano, 9 Aprili

Tulipanga kiti. Tulifagia. Hakuja.

Mama Yosefina akapiga simu. Kiharusi kimemshika tena, asubuhi, wakati anavalishwa shati la kuja kwetu. Yuko wodini.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Nilitoka misani moja kwa moja hospitali, tawi mkononi. Amekuwa mdogo. Nilivuta stuli nikamweleza dansi nzima, kwa sauti, wagonjwa wengine wakinishangaa. Nilipofika mwisho nikamwambia kweli: Mwalimu, wakishamwegemea sijui kinachofuata. Happyness abaki, au ashuke? Sikioni.

Nikaushika mkono. Mzito, kama gunia lililolowa. Haukuvuta. Haukusukuma.

"Anakusikia," akasema Mama Yosefina. Nikamwomba anisamehe kwa yale ya siku ile. Akasema tuyaache kwanza, nimshikie shuka ageuzwe.

Jumatano, 16 Aprili

Alifariki juzi. Tumemzika leo.

Wachezaji ndio waliobeba jeneza. Walipofika kaburini, kabla ya kulishusha, wote walichelewa kidogo. Kwa pamoja. Hakuna aliyewaambia. Padri aliinua macho.

Sina zaidi.

Jumatano, 23 Aprili

Mazoezi ya mwisho ghalani. Wakafika pale penye migongo. Nilitaka kuwasimamisha, maana baada ya hapo hakuna kitu, nilikuwa nimepanga taa zizimwe tu.

Hawakusimama. Happyness akaanza kushuka katikati yao, magoti, kiuno, mabega. Kichwa kikabaki juu, kidevu kimeinuka, kama mtu anayepumulia penye nafasi ndogo iliyobaki juu ya maji. Akabaki hivyo. Muziki ukaisha, akawa bado.

Sijaufundisha mwisho huo. Sijauona popote.

"Ngusa!" Nilipiga kelele.

"Niende wapi tena, Dada? Si tumemzika?"

Basi nani? Wakatazamana. Happyness ndiye aliyejibu, kwa upole, kama anaongea na mgonjwa.

"Ni wewe, Dada Rose. Jana. Hukusema neno. Ulikaa pale karibu na spika ukatuonyesha kwa mkono, tukarudia mpaka ukaridhika."

Mkono gani?

Akaangalia chini. "Wa kushoto."

Nakumbuka jana. Nilikaa, ndiyo. Nilikuwa nimechoka, kichwa kinauma, nikawaacha wapige mazoezi wenyewe. Nilidhani nilisinzia. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mapajani. Nina hakika.

Nilikuwa na hakika.

Ijumaa, 25 Aprili. Kiberege

Tumekwama hapa Kiberege, safarini kwenda Dar, tamasha kesho. Pancha. Dereva na fundi wanahangaika na tairi. Watu wananunua mahindi ya kuchoma, mimi nimebaki kwenye basi letu la Koasta, naandika.

Asubuhi tulipita kumuaga Mama Yosefina. Alinishika mkono kwa muda mrefu, akaugeuza, akauangalia. Sijui alikuwa anatafuta nini.

Mama Elineema amepiga simu kutoka Dar. Ukumbi ni mzuri, watu wa tamasha wanauliza jina la mtunzi liandikwe la nani. Nikamwambia nitamjibu. Akacheka: swali gani hilo la kufikiriwa, Rose?

Wachezaji wameanza kujinyoosha uwanjani, pembeni ya soko. Wamevua viatu. Wanapita dansi nzima kwa hatua ndogo ndogo, bila muziki. Wauza mchele wameacha kupima, wanaangalia. Hakuna anayecheka.

Happyness amekuja dirishani.

"Dada, kesho nibaki nimesimama kama ulivyotaka mwanzo, au nishuke kama ulivyoonyesha?"

Nimemwambia asubiri nimalize sentensi hii. Ngusa yuko nyuma yake, na wengine nyuma ya Ngusa, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Fundi amemaliza, dereva anapiga honi. Hakuna anayesogea. Mimi ndiye mkurugenzi, jibu ni langu, neno moja tu. Wananitazama, wanangoja.

Mkono wangu wa kushoto umelala mapajani. Na mimi nangoja —