Dhahabu ya Mjukuu Wangu Kwenye Friza

Shoga, kabla hakujapambazuka nimesikia mlango wa friza, kwiii! Nimefika jikoni, mjukuu wangu ameshika chupa yake anaitazama tu.

Ile chupa ya maji ya dhahabu, yenye rangi ya buluu! Ndani mna vijiti vya dhahabu vidogo hata jicho halivioni. Wiki tatu amevikuza maabara, na leo saa tatu walimu wake wanamtahini.

Jana alipokuja nayo kulala kwangu, aliniambia, "Bibi, ibaki hapo mezani." Mezani, shoga! Mimi na kimbelembele changu nikasema joto hili litaichachusha kama maziwa. Nikaitia kwenye friza. Nani alinituma?

Imeganda. Ilipoyeyuka, ile buluu yote imepotea, yamebaki maji matupu na kitu kama masizi chini.

Nikamwambia, "Si dhahabu ni ileile? Tikisa basi."

Akanijibu polepole, "Bibi, umbo ndilo linaloleta rangi. Vikiwa duara rangi ni nyekundu, vikiwa vijiti hivi ni buluu. Barafu imevibana vimekuwa bonge, havitengani tena."

Mezani, alisema. Mezani!

Na hakunifokea, shoga. Machozi yanamtoka, bado akavua sweta lake akanifunika, maana nilitoka kitandani na kanga moja tu.

Ameondoka na karatasi ya vipimo alivyopima juzi maabara na chupa iliyoharibika, atawaeleza ukweli. Chai hakugusa.

Mlangoni nimemng'ang'ania mkono, nikamwambia, "Jumamosi uje tena, hata kama utakuwa umeninunia."