Ni Mimi Niliyeunguza Simu ya Mama Yako

Keringet, Kuresoi,
14 Julai 2024.

Mpendwa binti yangu Jemutai,

Habari ya huko Doha? Joto bado linakukaanga, au umeshazoea kama mandazi? Natumaini u mzima. Mimi ni mzima isipokuwa goti, na goti nalo ni zee, tuliache. Mbwa amezaa sita. Wawili wanafanana na mzee wa kanisa, hasa wakisinzia.

Barua hii ataileta binamu yako Zeddy akirudi kazini huko. Kwa simu nisingeweza, maana kila nikipewa simu watu wananisaidia kuongea.

Siku ya mazishi Zeddy alikuweka kwa spika, tukakusikia ukilia kwamba mama alikataa kupokea simu yako hata mara ya mwisho. Watu wakaangalia chini. Mimi pia nikaangalia chini, na ni mimi niliyefaa kusema. Nimekaa na hilo neno wiki tatu, hata viazi vimenishinda kuchimba.

Jemutai, mama yako hakukataa. Simu niliiunguza mimi.

Stima ilipotea mwezi wa tano, transfoma ilipolipuka. Kila mtu alikuwa akipeleka simu dukani asubuhi, anaichukua jioni ikiwa imejaa. Lakini ulipoandika kwamba utapiga Jumapili baada ya kanisa, nikamsomea mama yako, na Jeruto wangu akakataa simu itoke nyumbani. "Akipiga mapema ataongea na mwenye duka?" Miaka miwili tangu mkosane juu ya safari yako ya Doha, na sasa hata choo alikuwa anaenda nayo.

Basi nikajifanya injinia. Nilikuwa na paneli ya sola, kubwa kama trei ya chai, iliyokuwa ya taa ya kuku. Nikakata waya wa chaja ya zamani, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikafunga na plasta ya kidonda. Micah, yule fundi wa redio, aliniambia nipitishe kwanza kwa chaja ya gari, ile inayopunguza nguvu ya moto wa sola kabla haujafika kwa simu. Nikamjibu sina gari, nina ng'ombe. Tena Ijumaa nilikuwa nimejaribu, ikachaji polepole vizuri kabisa. Sikukumbuka kwamba Ijumaa ilikuwa ukungu kutwa nzima. Unaujua ukungu wetu wa mwezi wa sita.

Jumamosi saa sita ukungu uliondoka, jua likaingia lote. Nilikuwa bomani nikimtukana fahali. Kurudi, simu imevimba mgongo na inanuka. Namba yako ilikuwa humo ndani.

Ningemwambia. Badala yake niliipangusa, nikaibana ndani ya kifuko chake, nikamrudishia, nikasema imejaa, nimezima kioo tu isimalize chaji. Nilifikiri Jumatatu Micah ataitengeneza, halafu tucheke.

Jumapili hakuenda kanisani, kifua kilikuwa kimembana. Alifunga kile kitambaa cha bluu ulichomtumia, alichoapa hatavaa, akakaa na simu mapajani mpaka ng'ombe wakakamuliwa. Nikamchokoza, atakuambia nini cha maana.

"Nitamuuliza kama amekula."

Nikamwambia miaka miwili ya hasira, na hilo ndilo swali.

"Ndiyo. Akishajibu hilo, mengine yataenda."

Giza lilipoingia akasema pengine wamekuchosha na kazi, nisije nikakugombeza. Jumanne alitutoka tukiwa njiani kwenda hospitali.

Hivyo yeye alikufa akidhani hukupiga, na wewe unaishi ukidhani hakupokea. Katikati yenu ni mimi na plasta yangu.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Ukitaka kulaumu mtu, nilaumu mimi, nina mgongo mpana na kazi ya kufanya haupati. Ila usiseme tena kwamba alikukataa.

Shangazi yako Trizah wa Gilgil anakusalimu, na Micah pia, ambaye haniangalii usoni. Mungu wa mama yako, ambaye sina hakika kama ananitambua, akufunike kwenye hilo joto.

Ukiweza, lijibu lile swali lake. Liandike kwa herufi kubwa, macho yangu si yale. Nitapeleka kaburini nimsomee kwa sauti. Sijui kama wanasikia, unanijua mimi, lakini nitasoma.

Ni mimi babako, nikupendaye hata ukinuna,
Kosgei.