Nyumba ya Lango Iko kwa Wifi Rhona

Mtaa wa Kanisa,
Ardlaw, Uskochi.
9 Novemba 1974

Mpendwa mdogo wangu Struan,

Hujambo huko Kanada? Maureen na watoto hawajambo? Nasikia theluji imeanza mapema kwenu, natumaini kifua chako hakijakusumbua. Sisi tu wazima. Lachlan bado analalamikia goti lake, lakini mpira ukichezwa mjini goti linapona.

Mvua imenyesha tangu mwezi uliopita na mto umefika kwenye bustani ya mchungaji. Kabichi zake zimekwenda na maji.

Sasa nikueleze lililonikaa rohoni. Unakumbuka picha zangu pacha, zile za zamani zinazobandikwa mbili mbili kwenye kadi, ukizitazama kwa chombo cha lenzi mbili majumba yanasimama kama unaweza kuingia. Unajua pia kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikitafuta moja tu: Nyumba ya Lango ya hapa Ardlaw, alikokaa babu yake Baba akilinda lango la monasteri ya zamani ya watawa, kabla hawajaibomoa ili treni ipite. Nimeitafuta Perth, nimeitafuta Edinburgh, nimepekua maduka ya vitu vikuukuu hadi wenyewe wakawa wananikimbia.

Basi imepatikana. Ameipata Rhona.

Ndiyo, wifi yangu, dada yake Lachlan, aliyeanza kukusanya juzi tu kwa kuniiga mimi. Mimi nilikuwa kitandani na mafua, yeye akaenda kwenye mnada wa kanisa kununua sahani, na picha ilikuwa chini ya sahani. Struan, niliposikia sikula. Na kilichoniunguza zaidi unakijua: Rhona ana jicho moja tangu utoto. Picha hizi bila macho mawili ni karatasi tu. Penye miti hapana wajenzi.

Nilichukua kadi zangu bora, bonde la Glencoe na kanisa kuu la York lenye minara mirefu, nikaenda kwake tubadilishane. Alinikaribisha kwa skonzi, akazitazama kadi zangu moja moja, akanirudishia.

“Sibadilishi, Effie. Lakini kaa hapo uitazame.”

Nikaitazama. Nilihisi hewa ya pale mlangoni. Na ngazi zipo, Struan! Ulikuwa ukimcheka Baba kwamba alizitunga, zile ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watawa. Zimelika kweli, kama bakuli. Na mlango uko wazi nusu, ndani kuna giza, na ndoo imewekwa mbele kabisa, karibu niishike.

“Unaona nini?” Rhona akauliza.

“Naona nyumba,” nikajibu. Kama picha ni yake, nikasema moyoni, basi na aitazame mwenyewe.

Akaniambia polepole, “Usinifanyie hivyo, wifi. Unadhani wewe tu ndiye mwenye wivu? Tangu tukiwa wadogo nawaona wenzangu mkiweka macho kwenye lenzi na kunyoosha mikono kushika vitu. Mimi nikitazama, sioni hata cha kushika. Nilinunua chombo kile nikidhani labda changu kitanionyesha.”

Nikarudisha macho kwenye lenzi, nikaanza kumweleza: ndoo iko hapa, ngazi ziko nyuma yake hatua moja, mlango uko ndani zaidi, na mbali kabisa, kupitia dirishani, kuna mti. Akawa ananiuliza, “Mti uko mbali kama duka la nyama?” Nikamwambia, “Hapana, kama kisima.” Chai ikapoa, nasi tungali kwenye ngazi za Baba.

Nilipoaga nilijaribu tena. “Basi niazime, hata wiki moja.”

“Nikikuazima hutarudi,” akasema. “Picha ni yangu, macho ni yako. Njoo Jumapili.”

Ninakwenda kila Jumapili. Bado nikiiona mezani kwake roho inanikereketa, sitakudanganya. Yeye naye nikishika lenzi huwa hanitazami usoni mpaka nianze kusema.

Ukija kiangazi nitakupeleka uzione ngazi. Ila ukimwandikia Rhona, usimpongeze sana.

Lachlan anakusalimu. Nisalimie Maureen, Ishbel na Kenny mdogo, na umwambie Kenny soksi ziko njiani. Mungu awalinde na baridi, na aiweke nyumba yenu katika amani.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,

Effie