Jina Aliloitikia Mama Kazini

Nyumba ya kona,
nyuma ya gereji ya malori.
Jumanne, tarehe 14 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani, na wifi yangu hajambo? Mtoto je, ameanza kulala vizuri au bado mnapokezana kumbeba begani? Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Baba, lile lile, ambalo sasa ndilo kisingizio chake cha kutofagia uani.

Mama amestaafu! Ijumaa iliyopita alitimiza miaka ishirini na saba ya kufua mashuka ya hospitali. Bado anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa viatu, anakumbuka kwamba hana pa kwenda, kisha anayavamia mapazia yangu ambayo hata hayajachafuka. Nimemwambia apumzike, akaniangalia kama niliyemtukana.

Nilimsindikiza kwenye kuagwa. Walipanga viti katika chumba cha kupigia pasi, wakazima mashine zote. Yule fundi anayeshona mashuka yaliyochanika, shoga yake tunayemwita Bi Sindano, alimletea kitambaa cha meza alichokitarizi kwa mkono wake miezi mitatu mizima. Maua kwenye kila kona, na katikati jina la Mama kwa uzi mwekundu. Mdogo wangu, halikuwa jina lake. Lilikuwa lile la kazini.

Unalikumbuka. Utotoni tulikuwa tukiliigiza mpaka mbavu zinauma. Asili yake sikuwahi kuijua mpaka Ijumaa, tulipokuwa tunarudi na kitambaa chetu, nami nanung'unika njia nzima. Mama akanisimulia kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Siku yake ya kwanza, msimamizi alisimama mlangoni na daftari akiita majina. La Mama akalikosea. Mama alijua ni yeye anayeitwa, lakini alikuwa bado kijana, hajajifunza kumeza vitu, akanyamaza akingoja liitwe vizuri. Msimamizi akampiga mstari wa utoro na kumrudisha nyumbani. Kesho yake lilipoitwa vile vile, aliitika kabla halijafika mwisho. Wewe ulikuwa na miezi minne, upo mgongoni kwa Bibi, unalilia ziwa.

Basi akaitika hivyo hivyo. Wasimamizi wamebadilika watano, na kila mmoja amemrithisha mwenzake kosa pamoja na daftari.

Nami sina pa kujificha. Kila nilipompelekea chakula, mlinzi wa getini aliniuliza namtaka nani, nami nilimtajia lile la kazini ili anifungulie haraka. Nilimkosea mama yangu mwenyewe kwa sababu ya uvivu wa dakika moja. Inaniuma.

Juzi Jumapili asubuhi Bi Sindano alikuja kututembelea. Tumekaa, tunacheka, mara Baba akaita kutoka bafuni kwamba amesahau taulo. Unajua majirani wote humwita Mama kwa jina langu mimi, mama fulani. Baba peke yake ndiye humwita kwa jina lake, na tangu Bibi afariki, hakuna mwingine. Bi Sindano akageuka.

"Mna mgeni ndani?"

"Ni mimi huyo naitwa," Mama akasema, akaondoka na taulo.

Aliporudi alimkuta mwenzake ametoa mkasi kwenye mkoba na kukivuta kitambaa mapajani. "Shoga, miaka ishirini na sita tunakula sahani moja! Nimekuuguza, umenizikia mume, na jina lako sijawahi kulitaja? Kwa nini hukuniambia?"

Mama akamnyang'anya kitambaa. "Usifumue hata uzi mmoja. Huyo uliyemwandika ndiye aliyewasomesha wanangu."

Bi Sindano akaangua kilio, nami nikamsaidia. Kisha akajifuta, akaomba afundishwe. Alikosea mara tatu. Mara ya nne akalipata, na Mama akacheka kicheko ambacho sijamsikia nacho tangu tukiwa wadogo. Asubuhi nzima Bi Sindano alikuwa akimwita bila sababu, anataka tu aitikiwe.

Sasa nafika kwenye jambo lililonishikisha kalamu, nawe usinune. Mchana wa siku hiyo hiyo ulipiga simu ya video. Ulimsogeza mtoto kwenye kioo ukasema, "Mama, muone wa jina lako." Kisha ukamwita mtoto. Ulimwita kama msimamizi.

Najua huko ugenini uliko ndivyo wanavyoliweza, na kusahihisha watu kila siku kunachosha. Hata lako umewaachia walikate wanavyotaka, na hilo ni lako, shauri yako. Wifi simlaumu hata kidogo. Yeye amelisikia kutoka kwako.

Mama alitabasamu, akamrushia mtoto busu, mkaagana vizuri. Simu ilipokatika alikunja taulo moja mara tatu. Nikasema nakupigia sasa hivi nikuambie. Akanikatalia katakata, eti una mambo mengi, nisikuchoshe. Nikadhani yameisha. Baadaye, mikono imo kwenye karai la mapazia yangu, akasema bila kuniangalia:

"Mimi niliitika kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Yule mtoto yeye ana shida gani?"

Kama wewe una jibu, niandikie.

Kama huna, basi anza leo. Mwite vizuri ukimwogesha, ukimlisha, ukimbembeleza, na mama yake akusikie. Baba ana miaka sabini na nne. Akitutangulia, mimi siwezi kumwita Mama kwa jina, wala wewe huwezi. Huyo mtoto ndiye mahali pekee ambapo tunaweza kulitamka mbele yake bila kumvunjia heshima.

Baba anakusalimu, goti linakusalimu, na Bi Sindano anasema anakujua tangu ukiwa umebebwa mgongoni, kwa hiyo akikugombeza usishangae. Mama anakusalimu sana. Hajui nilichokuandikia, na akijua nitakiona. Mkumbatie wifi yangu. Mpakate mtoto kwa niaba ya shangazi yake.

Mungu awalinde nyote nyumbani mwenu. Na huyo mdogo amjalie akue, aanze kugeuza shingo anapoitwa, na siku ya kwanza atakapogeuka, awe ameitwa yeye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza.