Wimbo wa Dobi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kontena limezuiliwa bandarini. Kwenye hati limeandikwa matambara ya kupangusia mashine, yenye ushuru mdogo. Limefunguliwa — ndani marobota ya mitumba, juu mpaka chini. Na mfumo wa forodha unasema aliyejaza hati ni nani? Loise Chonga. Mimi. Siku hiyo nilikuwa Kaloleni kwenye mazishi ya shangazi, na ofisi nzima inajua, maana walituma shada la maua lenye jina la kampuni kubwa kuliko jina la marehemu.

Ni Ken. Mpwa wa Bwana Benard, mwenye ofisi hii ya uwakala wa forodha. Ken hana kibali cha kujaza hati za forodha, ninacho mimi peke yangu, kwa hiyo kila mtu huingia kwa paswadi yangu. Iko kwenye kikaratasi, nimekibandika mwenyewe juu ya kompyuta ili wasinisumbue. Mwaka wa sita sasa. Mjinga ni mimi.

Benard kasema nisiwe na wasiwasi, tutazungumza kama familia. Familia, tangu lini?

Jumanne, 9 Septemba

Wameshanichapia barua. Iko tayari, chini pameachwa nafasi ya sahihi. Eti mimi Loise Chonga nakiri kwamba nilijaza hati hiyo kwa uzembe wangu. Nimepewa mpaka Jumatatu. Benard anasema nikikubali nitafutiwa kibali tu, naye atanipa kazi nyingine hapa hapa. Nisipokubali nitajua mwenyewe. Aliyasema kwa upole, huku amenyoosha kalamu.

Bila kibali mimi ni mpika chai mwenye miaka arobaini na mitatu.

Nilitaka kusema sikuwepo. Ikatoka pumzi. "Umesema?" akauliza. Nikatikisa kichwa, nikatoka.

Ndivyo nilivyo tangu Machi. Machi mteja alipiga simu, nikapokea, baadaye akamuuliza Benard kwa nini simu za ofisi zinapokewa na mlinzi wa geti. Sauti yangu ni nzito, sikuinunua dukani. Wakacheka wiki nzima. Ken akaanza kuniita Bwana Loise, na kuniigiza, kidevu amekibana shingoni. Kisha ikatoka amri: simu ya mezani Loise asiiguse, apokee Mwende wa mapokezi. Mwende ana kisauti cha mtoto anayeomba maji. Hicho wanakipenda. Tangu hapo nazungumza kwa kunong'ona kama mgonjwa. Kwaya ya kanisani nimeacha, nikadanganya nina kikohozi.

Nawachukia. Nimeliandika ili nilione.

Alhamisi, 11 Septemba

Ken kaja na soda, kaiweka mezani kwangu. "Dada, saini tu mambo yaishe." Sikuinywa. Imepata joto hapo mpaka saa kumi na moja.

Mwende kanifuata chooni. Kaniambia alimwona kwa macho yake Ken akijaza ile hati. Halafu kaniomba nisimtaje, ana watoto. Sasa umeniambia ya nini? Nilitamani kumtumbukiza kichwa kwenye sinki. Nikamwambia asante. Asante!

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Niliteremka Makadara nikaagiza mbaazi na mahamri. Sikuzigusa, namwaza Benard tu. Nikaacha sahani nikaenda tu, sina ninakokwenda, nikajikuta Ndia Kuu, kwenye mji wa kale, mbele ya duka moja la sinia za shaba na saa za zamani. Redio ndani. Nikausikia.

Wimbo wa dobi. Miaka thelathini na zaidi sijausikia.

Baba alikuwa mshika tochi kwenye sinema — ndiye aliyeonyesha watu viti gizani. Jumamosi aliniingiza bure, nasimama nyuma kabisa karibu na pazia la mlango. Filamu yenye wimbo huo, ya Kihindi, niliiona labda mara kumi na tano. Dobi, mama mmoja, anasingiziwa kaiba bangili ya tajiri. Anaitwa uani, watu wamejaa, na furushi la nguo liko kichwani. Halitui. Anaimba nalo. Baba alininong'oneza kwamba anasema: niulizeni mimi mwenyewe. Na sauti ya yule mama ilikuwa nzito. Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani wanawake wakubwa wote hutakiwa kusikika vile.

Nikaimba. Pale mlangoni, mchana kweupe. Kihindi chote kikanirudia, na sikijui hata neno. Watalii wawili wakanielekezea simu zao kama mimi ni nyani wa pale kwenye ngome ya kale. Akatoka mwenye duka, mzee mwembamba, kitambaa cha kung'arishia shaba mkononi.

"Ondoka mlangoni, wanizibia mwangaza."

Nikamwomba radhi, nikageuka niende.

"Sikukwambia unyamaze. Nimekwambia utoke mlangoni. Ingia ndani uumalize. Na umeruka ubeti wa pili."

Nikaingia kama mwanafunzi. Nikaanza upya, na ubeti wa pili. Yeye anasugua sinia, uso kaukunja, hanitazami. Nilipomaliza akasema, "Wewe ni mwana wa Chonga wa tochi."

Nikamuuliza kajuaje.

"Siku moja filamu ilikatika pale pale kwenye wimbo huu. Watu wakatukana, wakarusha maganda ya machungwa. Akaimba mtoto huko nyuma, mpaka wakaiunga. Watu mia tatu, kimya. Mimi n'na ganda mkononi, sikulirusha."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi, kama asemavyo jirani yangu, nilikuwa nimesahau kabisa! Ikanijia yote. Baba alinimulika tochi usoni ili watu waone ni nani anayeimba. Vichwa vikageuka, safu kwa safu. Sikuogopa. Nilitaka mwanga usogee kidogo tu, ulikuwa unaniumiza macho.

Nikamweleza mzee — anaitwa Badawi — maana ya maneno alivyonipa baba. Hapo ndipo alipocheka, kicheko kibaya. "Babako hakujua Kihindi. Wimbo wasema maji ni baridi na mikono yauma. Basi." Kisha akanitoa dukani, adhuhuri imefika, afunge akasali. Kwaheri hakusema.

Nimeondoka nimekasirika. Baba mwongo. Badawi mkorofi. Nimefika Makadara ndipo nilipowaza: wale watu mia tatu wangapi walijua Kihindi? Hawakuwa wananyamazia maneno. Walinyamazia sauti hii, hii hii anayoiigiza Ken. Nimelia mbele ya wauza viatu na sikuona haya. Miezi sita nimekubali kwamba nina kasoro. Nimekubali kwa sababu mtu mmoja kwenye simu hakunipenda.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani nimeimba. Mama wa benchi la mbele kageuka kunitazama. Nikaongeza sauti.

Jioni nimetafuta kwenye simu picha ya lile shada. Tarehe inasomeka, jina la kampuni linasomeka, na mimi niko nyuma yake nimefunga kitambaa cheusi. Shukrani kwao kwa kupenda kujionyesha.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika ofisini, daftari juu ya ile barua yao. Saa nne na nusu asubuhi.

Kikaratasi nimekibandua. Paswadi mpya iko kichwani mwangu tu. Ken kajaribu kuingia mara tatu, anazipigapiga herufi kama anaua mende. Kamnong'oneza mjomba wake.

Benard katoka. "Loise, ile barua."

"Siitii sahihi, Bwana Benard. Siku hiyo nilikuwa Kaloleni namzika shangazi yangu. Shada lenu ninalo kwenye picha."

Kwa sauti yangu. Mwende kaangusha stepla. Madereva wawili waliokuwa wakisubiri karatasi zao wamegeuka kunitazama.

"Punguza sauti, kuna wateja."

"Hii ndiyo sauti yangu."

Ken akabana kidevu chake shingoni. Hakuna aliyecheka, akakiachia.

Benard kafunga mlango wa nje. Kasema ofisa wa forodha atapiga simu saa hizi kumuulizia aliyejaza hati. Mwende atapokea, atasema Loise amekiri, anaumwa, yuko nyumbani. Kaniambia nichukue mkoba wangu nitoke kwa mlango wa nyuma, ili hilo la nyumbani lisiwe uongo. Mkoba ninao begani tangu asubuhi. Sijautua. Sitoki.

Inalia.

Mwende anaitazama, hainui mkono. Benard anamwambia pokea. Anamwambia tena, kwa jina. Ken amesimama katikati, kati ya meza yangu na ya Mwende. Mlio wa nne. Mwende ameweka kidole kimoja kwenye simu na anaisukuma, polepole, mpaka ukingo wa meza. Upande wangu. 

Ken nitampita. Mlio wa sita. Nasafisha koo.