Kitu cha Moto Kinaogopa Haraka

Mama yangu,

Mdogo wangu amepiga simu tena kutoka Rwambuzi. Anataka tukufanyie matanga, ingawa kaburi hatuna. Wazee wamemwambia matanga hayafunguliwi mpaka mtoto wa kwanza akubali, na wa kwanza ni mimi, huyu mwenye kichwa kigumu uliyemzaa mwenyewe. Kila mwaka nimemkatalia.

Hapa Kenya tunachimba visima vya mvuke wa kuzalisha umeme. Chini kule mwamba una moto ambao hata wewe ungeuheshimu. Tunasukuma maji baridi ndani bila kukoma, la sivyo vyombo vinaungua. Juzi pampu ilizima. Ilipowaka, mwenzangu akataka kufungua maji yote kwa mara moja. Nikamshika mkono. Bomba lililopata moto hivyo, ukilimwagia baridi ghafla, saruji inayolishika inapasuka na kisima kimekwenda.

Hapo nikakukumbuka. Ile siku ya risasi tulikimbia tukaliacha pipa lako la kupikia kaikpo, ile pombe uliyouza tupate kula, motoni. Tuliporudi, jirani yetu Mama Furaha, kwa huruma yake, akaumwagia mrija wa pombe ndoo nzima ya maji. Udongo ulioziba maungio ukapasuka, kaikpo yote ikapotea, na kesho yake hatukuwa na cha kupika. Hukumgombeza. Ulicheka, ukamkalisha, ukamwambia, "Kitu ya moto haiogopi maji, Mama Furaha. Inaogopa haraka."

Vita viliporudi, ulitupandisha lori pale Iga Barrière, ukabaki ili umfuate bibi. "Weye ni mukubwa, shika mudogo yako," ulisema. "Tutaonana Ariwara." Ariwara nilikaa sokoni nikitazama kila lori; hukushuka hata moja. Nakupenda, Mama, na nilikukasirikia pia kwa kuchelewa.

Tangu hapo, kila aliyenitajia kifo chako nilimwona adui. Walitaka nipoe kabla ya wakati wangu. Sasa nimepoa kiasi cha kushikika. Jana nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia apange viti, niko njiani. Akauliza kama nina hakika.

"Mama alikufa," nikasema.

Sikuwahi kuyatamka maneno hayo. Tukalia, kila mtu upande wake wa simu, mpaka salio likaisha.

Pumzika, Mama. Sikungoji tena.

Mtoto wako wa kwanza